Sombe, Ukurasa wa Kumi na Mbili

Hakuwa na kompyuta, hakuwa na simu, hakuwa na koti la kuendea ofisini, wala mtu wa kumpikia, huyo mzee wa Rugerero ambaye gazetini walimwita Karangwa. Cheti alikuwa nacho kimoja tu, cha shule ya usiku. Lakini rula alikuwa nayo, na mkono usiotetemeka. Kwa hivyo viwili, mwaka wa tatu sasa, alichora ukurasa wa yaliyomo wa gazeti la mapishi la Gisenyi: vyakula kushoto, namba kulia, herufi zote kubwa, zimenyooka kama za chapa. Hata barua zake kwa mhariri aliziandika hivyo hivyo.

Juvénal, dereva wa pikipiki aliyempelekea bahasha zake, alisimama mlangoni.

“Mzee, patron Belise, mhariri, anasema we uko fundi. Jumamosi ukuye we mwenyewe, bakupige foto, baiweke pembeni ya ukurasa yako. Usipokuya, bon, kazi inaenda kwa mashini.”

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa akisoma pishi la majani ya muhogo aliloliandika mhariri mwenyewe: Sombe ya Marehemu Mama.

“Amekosea,” alisema. “Mawese hayatangulii. Yanaingia mwisho, sombe ikishaiva.”

“We mwanaume, mambo ya jikoni unajulia wapi?”

“Nilikula sana.”

Juvénal alicheka peke yake. Mzee aliandika sahihisho kuhusu mawese, akalitazama, kisha akalikatakata kwa kalamu mpaka lisisomeke. Sombe akaiweka juu kabisa ya orodha, ingawa ilikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Kabla ya hapo, namba hakuwahi kuzivuruga hata siku moja.

“Kama ni koti, mi nitakupa ile ya harusi yangu,” Juvénal alisema. “Usiache kazi sababu ya koti, mzee. Iko kitu gani ingine inakufurahisha?”

Hakikuwapo. Mzee alilijua hilo kuliko yeye.

Akaandika: SITAWEZA KUJA. MPE KAZI MWINGINE. Chini akaweka KARANGWA, jina la jirani aliyekufa zamani, akalamba bahasha, akaifunga.

Pikipiki ikateremka kuelekea ziwani na barua ya kwenda kwa Belise, ambaye, siku ya kumzika mama yake, alimkataza baba yake asimwandikie tena wala kumpigia simu maisha yake yote.