Mkono wa Godlisten

Gari linalojiendesha huendesha kama aliyelifundisha, na sheria inakataza kuliuza likiwa bado na mkono, yaani uendeshaji, wa marehemu. Ni lazima ndugu apande, lizunguke mara ya mwisho, kisha yeye mwenyewe atamke, "Futa."

"Twende tumalize, nina maharage jikoni," alisema Mama Godlisten, akiketi kando ya usukani usio na mtu. Lilikuwa gari kuukuu la mbio, la Kijapani, ambalo mwanawe alilishusha chini na kulifungia ekzosi kubwa.

"Kwa mlio huu majirani watanihamisha," alicheka Kimweri, mnunuzi, kutoka kiti cha nyuma.

"Mimi wamenisema miaka mitatu. Sasa zamu yako."

Gari likakata kona kwa fujo zile zile za Godlisten. "Taratibu, wewe!" mama akafoka, kama alivyozoea kumfokea. Likapunguza mwendo.

Kisha likaingia uchochoro asioujua, likasimama mbele ya geti la kijani na kupiga honi mara mbili. Akatoka binti wa miaka minne hivi, na begi la shule mgongoni. Mlango wa nyuma ukajifungua. Akapanda, akajifunga mkanda. Paji la uso lilikuwa la Godlisten, ambaye walimzika bila mke wala mtoto.

Binti akakitazama kiti kitupu cha dereva. "Baba, mbona umechelewa hivi?"

"Mama," Kimweri akanong'ona, "tamka basi."

Mama Godlisten akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Gari likaondoka polepole, kwa upole ambao hakuwahi kuuona kwa mwanawe.