Macho ya Malkia

"Ana macho mekundu kama yule malkia mchawi aliyefunga mvua," alisema jirani yetu, panga mkononi. Nyuma yake walisimama wanaume watano.

Mama yangu, Ng'washi, alikuwa jikoni akipuliza moto wa mavi ya ng'ombe. Moshi wake ndio uliomharibia macho miaka yote.

Watu hawa niliwatembeza mwenyewe kwenye makumbusho ninakofanya kazi, kule Mwanza mjini, nikawasimulia habari za malkia huyo wa kale. Hakuna anayejua macho ya malkia yalikuwaje. Wekundu ule niliuongeza mimi, wageni wasisinzie.

"Nilitunga," niliwaambia. "Nawaapia."

"Unamtetea mama yako," jirani alinijibu kwa upole, akaniondoa mlangoni.

Mama aligeuka huku akifikicha macho. "Kumbe tuna wageni? Waletee vigoda wakae."