Bastola Iliyohasiwa

"Maishani mwangu nimepiga risasi moja tu," Abdiaziz alipenda kusema, "na moja hiyo ilimtosha fisi."

Aliyasema hayo kwa kinyozi, akayasema mlangoni pa msikiti, akayasema ndani ya basi la Shard End, hapo Birmingham, mpaka abiria wengine wakajifunza kushuka kituo kimoja mapema na kutembea. Kazini alikuwa mlinzi wa duka la samani, na silaha yake ilikuwa redio ya mkononi isiyo na betri. Lakini nyumbani alikuwa na ushahidi.

Ushahidi ulikuwa kibastola cha Kitaliano cha kabla ya vita vya Hitler, kidogo kiasi cha kulala ndani ya kiatu cha mtoto. Ni pacha wa kile alichoachiwa na babu yake kule Garissa. Hiki alikinunua kwenye maonyesho ya silaha za kale, tena kihalali: mtutu umezibwa kwa chuma, pini imekatwa. Waingereza wanakuruhusu kuweka bastola, mradi waihasi kwanza.

Jumamosi moja ya mwaka 2006 kibastola hicho kilipanguswa kikawekwa mezani, kando ya sambusa. Abdiaziz alikuwa anaposa.

Najmo, muuguzi wa Edgbaston, alikuwa amekubali zamani. Kilichobaki ni neno la baba yake mdogo, au adeer kwa Kisomali, Mzee Zakariye, ambaye alikuwa ametoka Kenya majuzi tu. Mzee alisema hamwozi binti wa marehemu kaka yake kabla ya kuona nyumba atakayolala. Bila neno lake, hakuna ndoa.

Kwa desturi yao anayeposa hufunga mdomo, wazee wake wakamsemea. Abdiaziz hakuwa na wazee Birmingham, basi akamwazima Séverin, jirani yake wa kutoka Bukavu, Mkristo, lakini mwenye suti.

"Wewe usiseme kitu," Séverin alimwonya. "Mimi njo nitaongea. Na ile kitu utoe kwa meza."

"Ikae. Mzee ajue binti yake anakwenda kwa mwanamume."

Mzee Zakariye aliingia na mto wa kukalia kwapani, mto mwekundu wenye shada. Najmo, aliyemfuata, alimnong'oneza Abdiaziz, "Usiulize habari ya mto. Adeer anaumwa mgongo." Mzee akauweka mto kwenye kochi, akaupapasa, akaketi akiegemea kulia kama lori lililopakiwa upande mmoja.

Séverin akakohoa. "Papa Zakariye, leo tumekuja kwenu... pardon, nyinyi njo mumekuja kwetu..."

"Hiki ni nini?" mzee akauliza, macho mezani.

Séverin alimkanyaga Abdiaziz mguu, lakini mdomo ulishatoka mbio.

"Hicho ni pacha wa bastola ya babu, Adeer. Ile ya babu ndiyo niliyomwulia fisi."

"Wewe?" Mzee alimpima kuanzia soksi hadi kofia. "Nyinyi vijana wa kula baridi ya Ulaya mnaua fisi kwa mdomo."

Séverin akacheka, akajifanya anakohoa tena. Mzee hakucheka.

"Mimi kwa maskini naweza kumwoza. Mfupi pia naweza. Mwongo, hapana."

Najmo alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. Akamtazama Abdiaziz kwa jicho linalosema: Haya, ulilianzisha, limalize.

"Si uongo, Adeer. Wallahi."

"Wapi?"

"Garissa, nyuma ya tangi la maji, ukitoka soko la mbuzi."

"Lini?"

"Mwaka ule wa mvua za El Niño. Giza ndio linaingia, watu wametoka kuswali magharibi."

Mzee alisogea mbele kidogo. Abdiaziz akaona samaki anaonja chambo, akapata nguvu.

"Alikuwa amesimama, huyo fisi?"

"Amechuchumaa. Nyuma ya kichaka. Nilimwona mgongo tu."

"Ukampiga wapi?"

"Hapa." Abdiaziz aliinuka akajigusa tako la kushoto, kwa heshima iliyowezekana mbele ya mchumba. "Kile kibastola ni kidogo, Adeer, lakini kina adabu. Kinakwenda unakokituma."

"Akalia?"

"Akalia kama binadamu kabisa! Mwingine angekimbia."

"Wewe hukukimbia."

"Si wakati huo huo."

Séverin akaufunika uso kwa kiganja.

"Asubuhi ukaenda kuutazama mzoga," mzee akasema.

Abdiaziz alirekebisha kofia yake. Hadithi yake yote aliisimulia kwa mbwembwe, ila sehemu hii ya asubuhi siku zote aliipita haraka, kama mtu anayepita dukani anakodaiwa. "Nilikuta damu tu, Adeer. Fisi hujikokota akafie mbali."

"Damu tu."

"Damu tu."

Mzee Zakariye akakichukua kibastola, akakigeuza, akachungulia ule mtutu uliozibwa, akakirudisha taratibu pale kilipokuwa.

"Najmo," akasema, "nilidhani huyu kijana ni mwongo. Kumbe kila alichosema kuhusu ile jioni ni kweli."

Séverin akashusha pumzi, akajichotea sambusa mbili kwa mpigo. Najmo akaanza kumimina chai. Abdiaziz akanyoosha mgongo, akaona harusi, akaona ukumbi, akajiona anaisimulia tena hadithi ya fisi mbele ya watu mia tatu, na safari hii mzee mwenyewe akiwa shahidi.

Mzee aliinuka polepole, upande wa kulia kwanza, akaukumbatia mto wake.

"Sasa niambie na ya asubuhi," akasema. "Ndara yangu ya kushoto uliipeleka wapi?"