Mkono Uliolala

Tangu mashine ya kukamua miwa ilipomsaga mkono wa kulia, Tunu alikuwa amechoshwa na kila mtu, na zaidi ya wote mumewe, Mbaraka, ambaye hakubanduka kando ya kitanda akinong'ona pole.

"Nyamaza basi, baba Shani," alimwambia. "Pole yako inaniuma kuliko huo mkono."

Haikuwa kweli. Baada ya upasuaji maumivu yalimkaba hata asiweze kuwaza jambo lolote. Mchana daktari wa ganzi akaja, akamweleza kwamba atamdunga sindano chini ya shingo, mishipa ya fahamu ya mkono ilale, naye abaki macho. Tunu akamwambia adunge popote anapotaka, mradi aache kueleza.

Joto likateremka taratibu hadi vidoleni, na maumivu yakaondoka. Ndipo Tunu alipopata nafasi ya kufikiri. Alikuwa akichomoa muwa uliokwama, na Mbaraka akawasha mashine.

"Nilikwambia ungoje," alisema.

"Uliniambia," Mbaraka akajibu. "Wateja walikuwa wananisumbua, nikawasha."

Tunu akageuza kichwa. Mumewe alikuwa amevishika vidole vyake vilivyovimba, vilivyochungulia kwenye bandeji, akivipapasa kimoja kimoja, tangu saa ngapi hajui. Akataka kuunyakua mkono wake, lakini haukumtii. Ulibaki palepale kiganjani mwa Mbaraka, mzito na mtulivu, kama mkono wa mtu aliyekwisha kusamehe.