Mkono wa Chumvi

Mavuno yalishaingia ndani, na kikundi cha akina mama kilikuwa kinapikia mji mzima. Ngoma ilishaanza uwanjani, na watoto walijipanga ukutani na sahani zao.

Kwenye sufuria kubwa ya kikundi, chumvi hutiwa na mkono mmoja tu. Kila mama akipita na kudondosha yake, pilau haliliki. Mkono huo ulikuwa wa Bi Mwanakheri, mwenyekiti. Leo alionja supu, akaonja tena, akapiga chafya kwa hasira.

"Mafua haya! Sisikii ladha yoyote. Salha, njoo!"

Salha, aliyeolewa mjini hapa juzijuzi na ambaye kazi yake kikundini ilikuwa kumenya vitunguu tu, akafuta machozi, akaja mbio. Akaonja. Vicheko vikakatika, hata waliokuwa wakipuliza moto wakainuka.

"Bi Mkubwa," alisema, "haijakolea."

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" Bi Mwanakheri akamsukumia bakuli la chumvi. "Mchele unangoja!"

Salha akajaza kiganja, akaunyoosha juu ya mvuke mkono wake unaonuka vitunguu, na vigelegele vikaanza kabla chembe ya kwanza haijadondoka.