Soila Anajibu Somo

Mwalimu wa Kiingereza alituma masomo kwa simu. Wanafunzi waliyasikiliza nyumbani na kumjibu kwa ujumbe wa sauti. Darasani walikwenda kuzungumza tu. Soila alitumia simu ya baba yake.

“Leo jibia hapa hapa,” baba alisema, “mgeni asikie mtoto wetu alivyosoma.”

Mgeni alikuwa ameleta asali ya posa. Galoni ilikaa katikati yao, asali ikichuruzika shingoni.

Soila aliamini pale nyumbani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza. Akatabasamu, akabonyeza simu kurekodi, akasema kwa Kiingereza: “Mwalimu, wananioza Jumamosi. Njoo na polisi.”

Baba akacheka kwa fahari. “Umesema nini?”

“Nimewashukuru wazazi, baba.”

Mgeni akaifuta asali kwa kidole. Kisha akamjibu Soila, taratibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwalimu wake.