Mlango wa Tangini

Ambakisye alihesabu mpaka ishirini, na mlango ulikuwa haujafunguka.

Akaliondoa bega lake kwenye chuma, akafuta jasho shingoni. Jua lilikuwa limemkalia mgongoni tangu alipoanza kazi, na lile kufuli lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

"Ishirini," alisema. "Kwa hesabu ya ishirini, Mama Sijaona, moshi umeshawafika vifuani. Wasichana arobaini! Nitaandikaje kwamba mlango huu unafaa?"

"Pole, mwanangu," alijibu mama yule, mpishi wa bweni. Alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, mikono ameikunja juu ya kanga, kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kunywa uji.

Kazi ya Ambakisye ilikuwa kukagua milango. Alitoka kwao Tukuyu akaajiriwa serikalini, na tangu Mreno alipoanza kuangusha mabomu ng'ambo ya Ruvuma, yeye alizunguka Masasi na Newala kuhakikisha kila bweni lina mlango wa pili, na kwamba mlango huo unafunguka. Huu ulikuwa wa chuma, upande wa nyuma, nao ulikuwa njia pekee ya kuingilia ua wa tangi la maji ya mvua.

Tangi ndilo lililoleta shida. Huku juu hakuna visima. Mwanamke hushuka bondeni alfajiri, akarudi na ndoo yake jua likiwa utosini. Maji yasipofungiwa, asubuhi huyakuti. Ambakisye alipokuja kukagua mara ya kwanza, Mama Sijaona alimbembeleza asiliondoe kufuli. "Tukiacha wazi hapa, Bwana Afisa, Ijumaa tutapika kwa mate." Kisha akamletea kikombe cha maji ya tangi, kimejaa pomoni. Ambakisye alijua thamani ya kikombe kile. Akawaonea huruma, akaandika: Unafaa.

Tangu hapo hakupata usingizi wa maana. Ndiyo sababu alikuwa amerudi.

"Wasichana wako wapi?" aliuliza.

"Hawapo saa hizi."

"Wako darasani. Afadhali. Sitaki kuwatisha."

Kuku akapita miguuni pake na vifaranga sita. Ambakisye akamfukuza kwa karatasi zake. "Bweni gani hili, kuku wanaingia wanavyotaka?"

"Wa kwangu hao. Nisamehe."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartholomayo, alikuwa akipita na baiskeli. Akasimama, mguu mmoja chini.

"Mama Sijaona, mgeni wako kaja tena? Mwambie amalize basi, tukaufunge mlango huo kwenye duka la ushirika. Chuma kizuri kinaliwa na kutu bure."

"Hajamaliza kazi yake, Mwenyekiti."

"Mlango wa dharura hauhamishwi!" Ambakisye alifoka. "Ndege za Mreno zikija, watoto watatokea wapi?"

"Mreno gani tena, bwana? Mreno si ameshaondo—"

Mama Sijaona alimtazama. Bartholomayo akameza maneno yake, akavua kofia.

"Kweli, afisa," alisema taratibu. "Pima vizuri." Akaikokota baiskeli mpaka mbali kabla ya kuipanda.

Ambakisye akageukia tena kufuli.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Ulikuwa unakaa jikoni, juu ya rafu." Mama Sijaona akafungua fundo kwenye pindo la kanga. "Siku hizi silali bila kuwa nao. Na bawaba nimezipaka mafuta ya karanga jana, niliposikia umeshuka kwenye basi."

"Umefanya vema sana, Mama. Ni wewe tu unayenisikiliza. Ofisini kwetu nikiongea wanatazama dirishani." Akaushika ufunguo kwa mikono miwili. "Haya, tuanze upya. Nihesabie."

"Moja," alisema Mama Sijaona. "Mbili. Tatu."

Ufunguo ulikosa tundu, ukarudi, ukaingia.

"Nne. Tano."

Kufuli likaanguka sakafuni.

"Sita."

Akausukuma kwa kifua, kwa mikono, kwa goti, kama mtu anayesukumwa na wengine nyuma yake. Mlango ulilia mara moja, kisha ukafunguka wote. Upepo wa bondeni ukampiga usoni.

"Saba!" alisema Ambakisye, akacheka kwa sauti. "Saba, Mama Sijaona! Wote arobaini watatoka! Na mwanao, naye si yumo humu?"

"Kitanda cha kwanza, ukihesabu kutoka hapo mlangoni."

"Basi Sijaona atakuwa wa kwanza kutoka."

"Ndiyo, mwanangu. Wa kwanza."

Ambakisye akaandika: Unafaa. Kalamu ilimponyoka mara mbili. Mama Sijaona akaiokota mara mbili, na mara ya pili akamshikia karatasi isitetemeke. Kisha nguvu zikamwishia Ambakisye. Akakaa chini, pale pale kizingitini, mgongo kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye mwimo wa pili, akaiziba njia yote.

"Ungenipatia maji kidogo, Mama," alisema, macho ameyafumba.

"Pumzika. Usisogee."

Mama Sijaona hakumwomba ampishe. Aliuzunguka mlango, akapita kwenye nyasi, pale palipokuwa na ukuta wa bweni kabla ya ule moto, akaenda kumchotea kikombe tangini.